Je, Mate Yangu Yatarudi? Somo la kinywa kikavu baada ya tiba ya mionzi

Kijana, kabla hatujaanza somo la leo, tafuta biskuti mbili kavu au vipande viwili vya mkate wa jana. Usiweke maji wala chai karibu. Tafuna cha kwanza, umeze, na uhesabu sekunde. Sasa panguza ulimi na ndani ya mashavu kwa kitambaa safi mpaka pakauke, halafu haraka haraka tia mdomoni kile cha pili. Umeona? Chakula kinageuka vumbi. Kinanata kwenye kaakaa, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, na koo linakataa.

Wewe baada ya nusu dakika mate yamekuja, mchezo umekwisha. Sasa fikiria yasije. Yasije leo, yasije kesho, yasije mwaka ujao.

Shangazi yangu aliishi hivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la nne, na mwaka 2009 alianza kuziba sikio moja na kutoka damu puani, kisha uvimbe ukatokea shingoni. Madaktari wakakuta saratani nyuma ya pua, pale juu kabisa ya koo ambapo hata ukifungua mdomo mbele ya kioo huwezi kupaona. Akapewa tiba ya mionzi kwa wiki saba. Alipona, na hilo liwe la kwanza kusemwa, maana watu wengi wakisikia saratani wanaanza kuhesabu siku za matanga. Alirudi darasani akafundisha mpaka akastaafu. Lakini alirudi na chupa ya maji ambayo haikumwachia mkono, na watoto, unawajua watoto, wakampa jina la Mwalimu Chupa. Ugali hakuweza bila mchuzi mwingi. Mihogo ya kuchoma, aliyokuwa akiipenda kuliko nyama, aliiaga. Usiku aliamka mara tatu, mara nne, ulimi umegandana na kaakaa.

Siku ya mwisho ya tiba alimwuliza daktari swali moja tu: "Daktari, mate yangu yatarudi?" Akajibiwa: "Tutaona, mama." Shangazi alikuwa akitusimulia jibu hilo huku akicheka, lakini ukimtazama vizuri hakuwa anacheka sana. Alitaka kujua. Je, lilikuwepo jibu bora kuliko "tutaona"? Ndilo somo letu. Andaa kalamu na karatasi, kwa sababu kuna hesabu kidogo.

VIWANDA VYA MATE

Je, umewahi kuugua matubwitubwi, ambayo wengine huita machubwichubwi? Kama umewahi, basi unazijua tayari tezi kubwa kuliko zote za mate. Zile zilizovimba mbele ya masikio zikakufanya ufanane na mtu aliyejaza machungwa mashavuni, ndizo zenyewe. Kitaalamu huitwa tezi za parotidi, moja kulia, moja kushoto. Jozi ya pili ipo chini ya taya. Ya tatu ipo chini ya ulimi. Mbali na hizo kuna tezi ndogo ndogo mamia kadhaa zilizotawanyika kwenye midomo, mashavu na kaakaa.

Zote kwa pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Hata hivyo hazifanyi kazi kwa zamu sawa, na hapa naomba uweke alama kwa sababu tutaparudia. Ukiwa unakula, parotidi ndizo zinazomwaga kwa wingi, mate mepesi kama maji. Ukiwa umekaa kimya, au umelala, karibu theluthi mbili ya mate hutoka kwenye tezi za chini ya taya, nayo ni mazito zaidi, yana ute. Anayefunga Ramadhani anaelewa tofauti hiyo: mchana kutwa mdomo ni mkavu kidogo, lakini ukianza tu kutafuna futari, mashavu yanachuruzika.

Zaidi ya asilimia 99 ya mate ni maji. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo yenye maajabu. Mna kimeng'enya cha kuanza kuvunja wanga, ndiyo maana mkate ukiutafuna kwa muda mrefu unakuwa mtamu. Mna kinga dhidi ya vijidudu. Mna madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoziba vitobo vidogo vya meno kila siku bila wewe kujua, na mna kemikali zinazopunguza ukali wa tindikali. Ondoa mate, na meno yanaanza kuoza kwa kasi isiyo ya kawaida, hasa shingoni mwa jino, karibu na ufizi. Ladha inapungua. Fangasi wanaweka utando mweupe ulimini. Kuongea kwenyewe kunakuwa kazi. Kwa mwalimu, jambo hilo si dogo.

KWA NINI MIONZI INAKAUSHA

Kipimo cha mionzi inayoingia mwilini huhesabiwa kwa grei, jina lililotokana na mwanafizikia wa Uingereza, Louis Harold Gray. Grei moja ni jouli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya mwili. Ukiitazama kama joto tu, ni kidogo mno, haiwezi hata kupasha kikombe cha chai. Madhara yake ni ndani ya chembe hai, kwenye nyuzi za DNA zinazokatwa.

Kwa saratani nyingi za kichwa na shingo dozi ya kawaida ni grei 70: grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki saba. Zidisha mwenyewe uone. Inagawanywa hivyo ili chembe nzima zipate muda wa kujikarabati kati ya siku na siku, wakati chembe za saratani zinashindwa kufanya hivyo vizuri.

Tatizo ni ujirani. Saratani ya nyuma ya pua au ya koo iko katikati, tezi za mate ziko pembeni. Zamani, na mahali pengi ilikuwa hivyo mpaka miaka ya karibuni, mionzi ilielekezwa kutoka pande mbili tu, kulia na kushoto, kama taa mbili za gari zinazotazamana. Sasa ili taa hizo zifike katikati zinapita wapi? Zinapita katika parotidi zote mbili. Hakuna aliyefanya uzembe. Njia ilikuwa ni hiyo.

Kuna fumbo hapa ambalo limewasumbua wanasayansi miaka mingi. Darasani mnafundishwa kwamba mionzi huumiza zaidi chembe zinazogawanyika haraka, kama za mizizi ya nywele au ngozi ya ndani ya mdomo. Chembe zinazotengeneza mate hazigawanyiki haraka hata kidogo. Ilitarajiwa zivumilie. Kumbe wapi! Mate hupungua sana tangu wiki ya kwanza tu ya tiba, kabla ngozi haijaanza hata kuwa nyekundu. Yaani chembe zinaacha kazi kabla hazijafa. Halafu baadaye, chembe mama zinazopaswa kuzaa chembe mpya nazo zikiwa zimeuawa, tezi inabaki kama shamba lisilo na mbegu. Kama zimesalia za kutosha, mate hurudi polepole, na kwa wengine hurudi kwa mwaka mmoja au miwili.

Basi swali la shangazi linageuka kuwa swali la kisayansi: tezi ilipata grei ngapi, na kwa grei hizo tutegemee nini?

WATU WAWILI WALIOBISHANA KWA UPOLE

Kujua hilo kulihitaji kupima mate ya watu wengi, kabla na baada ya tiba. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, daktari Avraham Eisbruch na wenzake walifanya kazi hiyo katika miaka ya 1990. Walibandika kikombe kidogo cha kunyonya ndani ya shavu, juu ya tundu la mfereji wa parotidi. Tundu hilo unaweza kulisikia kwa ulimi, liko mkabala na jino la gego la juu. Wakapaka tindikali kama ya limau juu ya ulimi, wakakusanya mate ya kila tezi peke yake. Wagonjwa walikuwa 88. Mwaka 1999 walitangaza matokeo: tezi iliyopata wastani wa grei 24 hadi 26 au chini yake iliweza kurudi kazini, iliyozidi hapo ilitoa mate kidogo sana na haikupona. Yaani kulikuwa na kizingiti. Vuka kizingiti, umepoteza tezi.

Madaktari duniani kote walilipenda jibu hilo. Unajua kwa nini? Kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Namba 26 ikabandikwa ukutani katika vyumba vya kupangia mionzi.

Lakini kundi jingine, la mji wa Utrecht nchini Uholanzi, lilipima wagonjwa wake 108 na mwaka 2001 likasema: sisi kizingiti hatukioni. Tunaona mteremko. Kila grei inayoongezeka inapunguza mate kidogo, na uwezekano wa tezi kushindwa unapanda taratibu. Sasa nani mkweli?

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika habari hii yote. Hawakutukanana magazetini. Walichanganya madaftari yao. Mwaka 2010 makundi hayo mawili yalichapisha pamoja matokeo ya wagonjwa 222, yenye tezi 384 zilizopimwa moja moja. Walikubaliana kwanza maana ya "kushindwa": tezi ihesabiwe imeshindwa ikiwa, mwaka mmoja baada ya tiba, inatoa chini ya robo ya mate iliyokuwa ikitoa mwanzoni. Kisha wakachora mstari mmoja unaopita katikati ya data zote. Mstari ukawa mteremko laini wenye umbo la herufi S iliyolazwa. Ukuta haukuonekana.

HESABU YENYEWE

Usiogope, ni kutoa na kugawanya tu. Mstari ule una namba mbili. Ya kwanza ni 39.9, nasi tutasema 40: hizo ndizo grei ambazo zikiingia kwenye tezi kwa wastani, nusu ya tezi zote hushindwa. Ya pili inaonyesha mteremko ni mkali kiasi gani. Ukiirahisisha inakuwa grei 16.

Chukua wastani wa grei zilizoingia kwenye tezi. Toa 40. Gawanya kwa 16. Unapata alama. Kisha alama hiyo unaipeleka kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida, lile lenye umbo la kengele ambalo wa kidato cha tano na sita mnalijua. Ambao hamjafika huko, nimewatolea mwenyewe:

Grei 8: alama ni -2, zitashindwa tezi 2 katika 100.
Grei 24: alama ni -1, zitashindwa 16.
Grei 32: alama ni -0.5, zitashindwa 31.
Grei 40: alama ni 0, zitashindwa 50.
Grei 48: alama ni 0.5, zitashindwa 69.
Grei 56: alama ni 1, zitashindwa 84.

Chora grafu. Mhimili wa chini uwe grei, wa wima uwe tezi zilizoshindwa. Utaliona lile S.

Sasa tuitazame ile 26 ya ukutani. Toa 40, unapata -14. Gawanya kwa 16, unapata karibu -0.9. Uwezekano ni asilimia 19 hivi. Kwa hiyo hata ukiwa "salama" chini ya kizingiti, takriban tezi moja katika tano bado itashindwa. Na ukifika 30, ambapo wa kizingiti angesema umekwisha, ni 27 tu katika 100 zitakazoshindwa. 73 zitaendelea kufanya kazi. Unaona tofauti ya mawazo? Mwenye kizingiti akishindwa kushusha tezi chini ya 26 atasema basi, tuiache, imekufa. Mwenye mteremko atasema, kama siwezi 26 nipe 32 badala ya 40, bado nimeokoa kitu. Kati ya 40 na 32 ni watu 19 katika kila 100. Ukiwa mmoja wa hao 19 huwezi kusema ni namba ndogo.

Na shangazi je? Kwa mionzi ya pande mbili, parotidi mara nyingi zilipata dozi kubwa. Tuseme grei 60. Toa 40, gawanya kwa 16, alama ni 1.25. Uwezekano ni asilimia 89. Hata bila kompyuta, mtu angeweza kumwambia: "Mama, katika watu kumi kama wewe, karibu tisa hawapati mate ya kutosha kutoka tezi hizo baada ya mwaka. Tujiandae." Jibu hilo ni chungu. Lakini kwa jibu hilo angeonana na daktari wa meno mapema. Hakuna aliyemwelekeza huko, na katika miaka mitatu alipoteza meno mengi ya chini. Mimi "tutaona" ile siipendi kwa sababu hiyo, kwa kuwa mate pengine yasingeokolewa, lakini meno yangeweza.

LAKINI TEZI SI MTU

Usije ukafikiri tumemaliza. Hesabu ile inatabiri tezi. Shangazi hakuwa tezi.

Madaktari walipoanza kutumia mashine mpya zinazotoa miale kutoka pande nyingi, kompyuta ikiongeza na kupunguza nguvu ya kila mwale ili izunguke tezi, walitegemea malalamiko yaishe. Huko Uingereza walifanya jaribio lililoitwa PARSPORT, lenye wagonjwa 94 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine mionzi ya kawaida, wengine mionzi ya kukwepa parotidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa na ukavu wa kusumbua walikuwa asilimia 74 kwa njia ya zamani, na asilimia 38 kwa njia mpya. Ni ushindi mkubwa, tusiudharau. Lakini hebu itazame tena hiyo 38. Parotidi zimekwepwa, na bado zaidi ya mtu mmoja katika watatu analalamika. Kwa nini?

Rudi pale nilipokuomba uweke alama. Parotidi hufanya kazi wakati wa kula. Usiku, na unapokaa kimya, mtegemee jirani yake wa chini ya taya, ambaye mara nyingi yuko karibu zaidi na saratani na ni vigumu kumkwepa. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa parotidi ikaonekana nzima, na bado anaamka saa nane usiku ulimi umegandana. Siku hizi wapangaji wa mionzi hujitahidi kushusha dozi kwenye tezi za chini ya taya pia, na kwenye ngozi ya ndani ya mdomo yenye zile tezi ndogo ndogo, pale inapowezekana bila kuachia saratani upenyo. Hilo la mwisho halina mjadala: hakuna mtu anayekubali kuokoa mate akabakiza uvimbe.

Ndiyo maana baadhi ya watafiti waliacha kuuliza tezi wakaanza kumwuliza mgonjwa. Katika mji wa Groningen, Uholanzi, mwaka 2012 walitoa kanuni ya kukadiria nani atasema mwenyewe, miezi sita baada ya tiba, kwamba mdomo wake ni mkavu wa wastani au sana. Walijaribu mambo mengi. Yaliyobaki na uzito yalikuwa mawili: wastani wa dozi kwenye parotidi ya upande ulio mbali na saratani, na kama mgonjwa alikuwa na ukavu hata kabla ya kuanza tiba. La pili linaonekana la kijinga kwa urahisi wake. Ni swali la bure: "Mdomo wako huwa mkavu?" Linaongeza usahihi wa makadirio bila kuwasha mashine yoyote.

Watu hao wa Groningen hawakuishia hapo. Walichunguza picha za tezi zilizopigwa kabla ya tiba, wakaona parotidi yenye mafuta mengi ina hatari zaidi ya kukauka. Pengine kwa kuwa chembe zenye kutoa mate ni chache tangu mwanzo. Mwaka 2015 walitangaza kwamba chembe mama hazikutawanyika sawasawa ndani ya parotidi, bali zimejikusanya karibu na mifereji mikubwa. Wazo likaja lenyewe: tukwepe kile kieneo tu! Wakafanya jaribio la wagonjwa 102, mgonjwa asijue amewekwa kundi gani, na daktari anayempima naye asijue. Matokeo ya mwaka 2022: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Wazo zuri, jaribio zuri, jibu hapana. Wakaandika hivyo hivyo. Napenda ulijue hilo wewe unayetaka kusoma sayansi, kwa sababu vitabu vyetu vya shule husimulia majaribio yaliyofaulu tu.

MAKADIRIO YANATUMIKAJE

Pengine unajiuliza, ukishajua uwezekano ni asilimia 40, utaufanyia nini? Uholanzi wanaufanyia jambo la fedha. Kuna mionzi ya aina ya protoni, ambayo husimama ndani ya mwili badala ya kutokea upande wa pili, hivyo inaweza kuacha tezi nyingi salama. Ila mashine zake ni ghali mno na nafasi ni chache. Nani apewe? Mwenye mjomba wizarani? Hapana. Kila mgonjwa anapangiwa tiba mara mbili kwenye kompyuta, mara moja kwa mionzi ya kawaida, mara moja kwa protoni, kisha wanakokotoa hatari kwa kila mpango. Kama protoni inapunguza hatari ya madhara ya aina hii kwa pointi kumi katika mia au zaidi, anastahili. Groningen walianza kutibu kwa protoni mwaka 2018.

Huku kwetu swali ni jingine. Nchini Tanzania tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilibeba mzigo karibu wa nchi nzima, na pia katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Mgonjwa anaweza kusafiri siku mbili kufika. Kwake namba ile haichagui mashine. Inachagua maandalizi: nani aonane na daktari wa meno kabla ya mionzi kuanza, nani apewe dawa ya meno yenye floridi nyingi, nani afuatiliwe kwa karibu. Na hakuna ubaya wowote mgonjwa, au kijana aliyemsindikiza, kuuliza: "Daktari, tezi za mate zitapata grei ngapi?" Muulize kwa heshima. Wengi watafurahi kuonyesha.

KAMA UNAYE MGONJWA NYUMBANI

Msaidie aonane na daktari wa meno kabla ya tiba. Meno mabovu yang'olewe mapema, maana kung'oa baadaye kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuleta kidonda kisichopona. Mswaki uwe laini, baada ya kila mlo. Maji anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Soda na peremende za sukari ziwe mbali, najua mtu anazitamani kwa kuwa zinaleta mate, lakini meno yasiyo na mate hayana ulinzi. Bora chingamu isiyo na sukari, kama tezi bado zina uhai kidogo. Ipo dawa iitwayo pilokapini inayochochea tezi zilizosalia, lakini ina madhara yake na daktari ndiye wa kuamua. Sigara na pombe, hapana. Na wewe unayepika, ongeza mchuzi bila kuombwa. Shangazi alisema kilichomchosha kuliko ukavu wenyewe ni kuomba mchuzi kila siku kama mtoto.

JIJARIBU

1. Mkiwa kikundi, kila mmoja na kikombe chake safi, kaeni kimya dakika tano bila kumeza, mkitema mate kikombeni. Pima mililita kwa bomba la sindano lisilo na sindano, gawanya kwa tano. Rudia ukitafuna chingamu. Mate yaliongezeka mara ngapi, na ni tezi zipi zilizoongeza? (Ukiwa umekaa kimya, mililita 0.3 hivi kwa dakika ni kawaida. Chini ya 0.1 ni kidogo mno. Usiguse kikombe cha mwenzako, na mkimaliza nawaeni mikono kwa sabuni.)

2. Tumekokotoa kwamba kwa grei 60 alama ni 1.25 na tezi 89 katika 100 hushindwa. Bila kutazama jedwali lolote, kwa grei 20 zitashindwa ngapi? Tumia umbo la ile kengele.

3. Mgonjwa mmoja ana mipango miwili. Wa kwanza unaipa kila parotidi grei 40. Wa pili unaipa ya kulia grei 56 na ya kushoto 24. Wastani wa tezi mbili ni ule ule. Ungemchagulia upi, na kwa nini? Bishaneni.

4. Daktari amemwambia mzee mmoja kwamba hatari yake ni asilimia 19. Mzee anarudi nyumbani anasema: "Wameniambia sitakauka." Wewe ni mjukuu wake na ndiye unayejua hesabu hapo nyumbani. Utamwambiaje? Andika mazungumzo hayo, yasizidi ukurasa mmoja.